Sahani Isiyo na Chumvi

Bibi yangu mzaa mama aliweka chumvi katika mtungi, si katika kikopo kama watu wengine. Ulikuwa mtungi mkubwa wa maji uliomegeka ukingo, umekaa pembeni mwa jiko, na siku zote ulikuwa umejaa mpaka shingoni. Mchele ulikuja kwa mgao, sukari ikaadimika, unga wa ngano tukausahau hata rangi yake, lakini chumvi katika nyumba ile haikupungua hata siku moja. Bibi hakuiweka kwa ajili ya mchuzi. Aliiweka kwa ajili ya majini. Jini na chumvi havikai pamoja, alisema, na nyumba yenye chumvi nyingi ni kama nyumba yenye mlango wa pili.

Wajukuu zangu hunitaka niwasimulie habari za mashetani, na wanataka ya kutisha. Nawaambia sina. Shetani niliyemjua mimi alikuwa mtulivu, na kila Alhamisi nilikuwa nampikia.

Baba alikuwa mpishi wa halwa mjini. Alikuwa na kibanda katika uchochoro mmoja nyuma ya soko, na sufuria ya shaba ambayo mimi niliweza kuingia mzima nikiwa mdogo. Alikoroga kwa saa nyingi, jasho likimtoka, na hakuruhusu mtu kumsemesha wakati samli inaingia. Ulimi wake uliogopwa. Watu waliokwisha nunua halwa kwingine walikuja kumwonjesha, naye huonja kidogo kwa ncha ya kidole na kusema iliki imetiwa mapema, au samli ni ya zamani, kisha anarudi kwenye mwiko wake.

Nyumbani ulimi huo ulimtesa mama. Baba hakuwa mtu wa kugomba. Chumvi ikipungua, aliinua kidevu tu kuelekea jikoni na kusubiri, mkono juu ya sahani, mpaka bakuli la chumvi lifike. Ikiwa nyingi, aliisukuma sahani mbele kidogo na kusema, "Imezidi," akamalizia mlo wake kwa mkate. Mama alipika huku akijisemea peke yake. Mimi baba nilimwogopa kidogo na kumpenda sana, na sikujua kama hayo ni mambo mawili.

Alichukuliwa mwaka wa mapinduzi, sitini na nne, siku chache kabla ya Idi, alasiri, sufuria ikiwa motoni. Walikuja watu watatu wakamuuliza jina, akawaambia. Alimpa mwiko mtu aliyekuwa akimsaidia, akamwambia akoroge bila kupumzika ili isishike chini. Kisha akaenda nao, amevaa makubadhi yake, kama mtu anayekwenda kusali. Halwa ile ilikorogwa mpaka ikaiva, na siku ya Idi tuliletewa yetu. Niliila. Ilikuwa halwa nzuri, na mpaka leo sijui nilitegemea iwe namna gani.

Hatukuuliza. Siku zile hapakuwa na wa kuulizwa, na aliyeuliza aliambiwa anyamaze na watu wa kwao mwenyewe. Chumba cha mjini tulikiacha, mama akanichukua tukaenda kukaa kwa bibi, Kidichi, katikati ya mikarafuu. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Mama alianza kusuka ukili wa mikeka, akausuka asubuhi na jioni, na alipoulizwa kitu alijibu baada ya kumaliza mshono.

Baada ya mwaka hivi alipita mtu mmoja, akasema alikuwa amewekwa ndani pamoja na baba. Alisema baba aliumwa tumbo, akafa, akazikwa hukohuko. Aliapa. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Pengine alimwona mwingine, pengine alitaka tu kutupa kitu cha kushika. Ikasomwa hitma, na mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani, bila manukato, bila wanja. Watu walikuja kulia na sisi, lakini kilio hakikushika. Hapakuwa na maiti wa kuoshwa wala jeneza la kusindikiza, na wanawake waliishia kuzungumza habari za mgao wa mchele.

Chini kidogo ya kijiji chetu kuna hamamu za zamani, majumba ya kuogea, zilizojengwa na mfalme mmoja kwa ajili ya mke wake. Zina kuba nyeupe zilizoota ukungu, na ndani, ukutani, pamechongwa ndege na majani kwa chokaa. Siku zile hakukuwa na mgeni wa kuja kuzitazama. Zilikuwa za popo, na sisi watoto tulikatazwa kupita pale jua la utosi na wakati wa magharibi, kwa sababu hizo ni saa za wenyewe.

Jirani yetu mmoja alikwenda kuokota kuni upande ule, adhuhuri. Alirudi bila kuni. Hakuja kwa mama, alikuja kwa bibi, wakanong'ona kwa muda mrefu. Alikuwa amemwona baba. Amekaa kwenye ngazi za hamamu, amevaa kanzu nyeupe na kofia, anatazama viganja vyake. Mwezi haujaisha, mwengine akamwona, na wa tatu hakuona mtu lakini alisikia harufu ya iliki mahali ambapo hapana mche wa iliki hata mmoja.

Bibi hakushangaa. Kwake yeye hesabu ilikuwa nyepesi. Mtu aliyekufa kwa watu wasiomjua, asioshwe na watu wake, asizikwe na watu wake, aende wapi? Atarudi kwao. Lakini hawezi kuingia ndani, kwa sababu ndani mna chumvi, basi atakaa karibu. Huyo ni mzuka, na mzuka ana njaa. Asipolishwa na nyumba yake, atakwenda kugonga nyumba za wengine, na hiyo itakuwa aibu yetu.

Kwa hiyo kila Alhamisi, baada ya alasiri, nilipeleka sahani. Nilipika mwenyewe, kwa sababu mama hakutaka kuigusa kazi ile na bibi alikuwa ameanza kutoona vizuri. Nilipika tulichokuwa nacho, ndizi, muhogo wa nazi, wali ikiwa umepatikana, na kila mara bila chumvi. Bibi alinikataza hata kuonja. Alinieleza na sababu, akanisisitizia. Mzuka hajui kuwa amekufa. Akionja chumvi, akili humrudia, akalikumbuka kaburi lake, akaenda zake, asirudi tena. Ndivyo anavyojulikana pia, alisema. Mtu aliye hai, tonge la pili tu ataulizia chumvi. Mzuka atamaliza sahani nzima na kushukuru.

Mwalimu wa msikiti wetu alipopata habari alisema ni upuuzi, na kwamba maiti anahitaji dua na si muhogo. Bibi alimsikiliza kwa adabu. Alhamisi iliyofuata akaniambia nizidishe nazi.

Sahani ilikuwa ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa kijani. Niliiweka juu ya baraza la mawe katika chumba cha kwanza cha hamamu, nikatoa salamu, nikaondoka mbio. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwanzoni. Baada ya miezi nikawa naondoka kwa kutembea. Baadaye nikawa nakaa. Nilimwambia habari za shule, kwamba mama hacheki, kwamba bibi anafikiri haoni vizuri kwa jicho la kushoto tu kumbe ni yote mawili. Nilipokuwa msichana mkubwa nilimwambia mambo ambayo binti hamwambii baba aliye hai. Hakujibu, na sikutaka ajibu. Asubuhi ya Ijumaa nilikuta sahani imelika yote.

Najua walikuwa komba. Nilijua hata wakati ule. Niliwasikia wakilia juu ya miti jioni ikiingia, wanasubiri nitoke. Haikunihusu. Mtu wangu alikuwa na sahani yake, na mimi nilikuwa na mtu wangu.

Miaka minne nilipeleka sahani ile.

Siku aliyorudi nilikuwa uani namenya muhogo. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi kabisa, hata mnazi haukuwa na kivuli cha kutosha kuku. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, mama yuko nyuma yake na ukili wake. Mtu akapiga hodi kutoka penye njia. Sikuijua sauti. Niliinua macho nikamwona amesimama pale mkarafuu wa mwisho ulipo, suruali si yake, shati si lake, mwembamba, nywele nyeupe, na chini ya miguu yake hapana kivuli.

Jua la utosi mtu yeyote hana kivuli. Nimekwisha kulifikiria hilo mara nyingi. Lakini nililoliona siku ile ni kwamba yeye hakuwa nacho.

"Nani wewe?" bibi akauliza.

"Mimi, mama. Mkweo."

Bibi akamuuliza anatoka wapi. Alisema anatoka mbali. Akamuuliza nani amemleta, akasema amekuja kwa miguu. Hakuna jibu ambalo mzuka asingelitoa. Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama, ukili umemwanguka, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango, na uso wake ulikuwa haueleweki. Hakupiga kelele, hakumkimbilia. Nami sikumwambia shikamoo, kwa sababu bibi alinifundisha kuwa mtu wa namna ile haamkiwi. Akiitikia, amekufunga.

Bibi alimkaribisha akae kwenye baraza ya nje. Kisha akaniita jikoni kwa mkono, akaniambia kwa sauti ya chini nipike, na nisitie.

Nilipika muhogo wa nazi na kipande cha papa kilichokuwa kimelowekwa usiku kucha mpaka chumvi yake yote ikatoka. Mtungi ulikuwa pale ubavuni mwangu, nimeuegemea. Nakumbuka sikuwa na hofu wala furaha. Nakumbuka nazi ilikuwa changa kidogo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, baba yangu aliyekufa amekaa nje, na mimi nilikuwa nawaza kuwa tui halitakuwa zito.

Nilimpelekea kwa sahani ileile yenye ukingo wa kijani. Alinawa, akasema bismillahi, akala tonge la kwanza. Sote watatu tulikuwa mlangoni. Aliacha kutafuna kwa muda mfupi, jambo ambalo nililiona na sikulitia maanani. Akala la pili. Nilimsubiri ainue kidevu. Wallahi nilikisubiri kidevu kile, nilikitazama kama mtu anayetazama sufuria ichemke. Hakukiinua. Alikula taratibu mpaka mwisho, akaufuta ukingo wa sahani kwa kidole, akamshukuru Mungu.

"Umepika wewe?" akaniuliza.

"Naam."

"Umejua kupika."

Baba, aliyesukuma sahani ya mama kwa sababu ya chembe mbili za chumvi, alikula sahani nzima isiyo na hata chembe moja na akasifu. Bibi alinigusa bega, akaingia ndani. Mama akaokota ukili wake.

Hatukumfukuza. Mzuka hafukuzwi, na bibi alikuwa mwanamke wa adabu. Alimwambia kwamba mkewe alikwisha kukaa eda, kwa hivyo haifai alale pale mpaka mambo yatazamwe, na akamwomba apumzike msikitini. Baba alikubali mara moja, kama mtu aliyezoea kuambiwa alale wapi. Mwalimu alimpokea. Siku ileile mwalimu akaja kwetu, akasema huyu ni mtu, ana homa, anakohoa, na ndoa yake ipo palepale, eda iliyokaliwa kwa habari ya uongo si eda. Bibi akamwambia hiyo ni hukumu ya watu.

Akakaa msikitini wiki saba, na kila siku nilimpelekea chakula. Mwalimu alikuwa mgane wa miaka mingi anayekula kwa majirani, akamwambia wale pamoja. Baba alikataa. Alisema nyumba ya mkewe iko karibu na inamletea chakula, na akila cha mwengine atakuwa amewatia aibu. Katika safu ya sala wanaume waliacha nafasi upande wake wa kushoto na wa kulia, mpaka mwalimu akawa anamsimamisha nyuma yake mwenyewe. Sijui kama baba aliuelewa ule mwanya. Huko alikotoka alikwisha zoea mianya mikubwa zaidi, nadhani, ingawa hakusema hata siku moja ni wapi.

Wiki ya pili, jikoni, mkono wangu ulikwenda kwenye mtungi. Sikuwa nimekusudia kitu. Labda nilikuwa nimechoka tu kupika vibaya. Mama alikuwa nyuma yangu, naye hakuwa na desturi ya kuingia wakati napika.

"Usitie," alisema.

Nilidhani anaogopa. Nilimwambia nataka tujue tu, tujue moja.

"Mimi sitaki kujua. Usitie. Akae."

Ndipo nilipoelewa kwa nini mama alikuwa akienda kila jioni, na buibui lake, akasimama nyuma ya mchungwa ulio karibu na msikiti, akamtazama anavyotawadha. Alikuwa radhi na mzuka. Alikwisha kukaa bila kitu kwa miaka sita, na huyu angalau alikuwa na mikono na anatia udhu. Kama chembe ya chumvi itamwondoa, basi asile chumvi mpaka kiama. Nikaufunika mtungi.

Na mimi? Mimi nilimchukia kidogo, nitasema kweli. Yule wa hamamu alikuwa akinisikiliza. Huyu alikohoa, alikuwa na harufu ya shati la mtu mwengine, na aliniuliza maswali madogo madogo, unasoma darasa la ngapi, mama'ko anaumwa kichwa bado. Nilimjibu naam na la. Nilikuwa nimekwisha kumwambia baba yangu kila kitu, kule chini, kwenye baraza la mawe, na sikuona kwa nini nianze upya. Alhamisi hazikuwa na kazi tena. Sahani ilikuwa na mtu mmoja tu.

Wiki ya saba alipotea siku tatu. Mwalimu akasema amekwenda Bububu, pwani, na hakusema kufanya nini. Bibi akasema amekwisha kwenda, na tumshukuru Mungu amekwenda kwa wema. Mama alisuka ukili mpaka vidole vikatoka damu, akavifunga kitambaa, akaendelea. Siku ya nne asubuhi mtoto wa jirani alikuja kuniambia naitwa msikitini.

Alikuwa amekaa kwenye baraza ya msikiti. Uso ulikuwa mwekundu wa jua na mikono ina malengelenge. Pembeni palikuwa na kifurushi chake, kidogo, kimefungwa kwa kamba ya usumba, na barabarani lori la nazi lilikuwa linapakia. Alinipa kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba, kizito, kina unyevunyevu.

"Mpe mama'ko," alisema. "Chumvi hiyo."

Nililishika lile jani kwa mikono miwili.

Alinieleza bila haraka. Aliazima debe kwa wavuvi, akawa anachemsha maji ya bahari, siku tatu, anayakoroga kwa kijiti yasishike chini. Haikutoka nyingi. Ni nyeusi kidogo, alisema, ina mchanga, lakini ladha yake safi.

"Tangu siku ya kwanza nimeona hamna," alisema. "Sikutaka kuuliza. Mama'ko angeona haya. Nilijua mchele shida, sukari shida, lakini sikujua nyumba yenu imefika mpaka kukosa chumvi. Na mimi nimekaa hapa wiki saba nnakula tu."

Akasema anakwenda mjini, na akipata njia atavuka kwenda mrima, pwani ya bara, huko huenda kuna mtu anayetaka mpishi wa halwa. Akipata kazi ataleta habari. Alisema hayo akilitazama lori.

Mtungi wa bibi ulikuwa umejaa mpaka shingoni. Nyumba yetu ilikuwa karibu, ukipiga kelele unasikika. Neno moja lilitosha, na lilikuwa neno jepesi, na lilikuwa mdomoni. Kulisema kungetaka niseme na mengine yote: tulikuwa nayo, tulikunyima, tulikuwa tunakutazama unavyokula. Nilimtazama yule mtu aliyekula chakula chapwa mara arubaini na kitu, akanyamaza kwa ajili ya heshima yetu, na sikuhisi kitu kabisa, kama mkono uliolaliwa.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

Dereva akapiga honi, na baba akanyanyuka na kifurushi chake.

Nilitembea mpaka nyumbani, sikukimbia. Nililiweka jani mbele ya bibi, nikasema limetoka kwa nani na limefungwa na nani na alisema nini. Bibi alipapasa, akafungua, akashika chembe kwa vidole viwili, akatia ulimini.

"Jini hashiki chumvi," alisema, kama mtu anayemkumbusha mtu mwengine.

Mama alikwisha kutoka, hana buibui, hana kiatu. Sijapata kumwona akikimbia kabla ya siku ile wala baada yake. Lori lilikwisha kwenda. Kesho yake alikwenda mjini, akamtafuta yule mtu aliyekuwa akimsaidia baba kukoroga, akaambiwa baba amelala kwake usiku mmoja na alfajiri ameteremka bandarini. Habari hazikuja. Hazikuja za kazi, hazikuja za uhai wala za mauti, na safari hii hakuna aliyepita njiani akaapa kwamba amemzika. Eda ya pili haikukaliwa, kwa kuwa hakuna aliyejua ianze lini.

Mama aliporudi kutoka mjini alilichukua lile jani, akaenda jikoni, akafunua mtungi ili amimine. Haukuwa na nafasi. Alisimama pale na chumvi mkononi, akatazama huku na huku kama mgeni, mpaka nikampa kikopo.

Bibi hakuwahi kuzungumza habari ya mizuka tena, na hakuna aliyemlazimisha. Aliishi miaka miwili zaidi. Majirani bado walimwona mtu kule hamamu mara mojamoja, kanzu nyeupe, anatazama viganja, lakini waliacha kuja kutuambia.

Alhamisi ya kwanza baada ya hayo nilikuwa jikoni napika ndizi, za kwetu tu, za jioni. Mama aliingia akaichukua sahani yenye ukingo wa kijani kutoka ukutani, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akaiweka mbele yangu.

"Mpelekee," alisema.

Nikauliza, nitie chumvi?

Alifungua kile kikopo, akakisogeza karibu na mkono wangu.

"Tia. Lakini usizidishe. Hapendi ikizidi."